Yes mbili, jina moja, na sisi mashabiki tunafanywa mabwege

Wakuu, hivi mpiga besi Chris Squire alipofariki Juni 2015 ndiyo ikawa ruhusa kwa kila mtu kujichotea jina la Yes, ile bendi ya rock ya Uingereza? Yule bwana alipiga besi kwenye kila albamu ya studio ya bendi hiyo tangu ile ya kwanza ya 1969 mpaka alipofariki. Hata miaka miwili ilikuwa haijatimia tangu atutoke, tayari makundi mawili yalikuwa barabarani, yote yakikata tiketi kwa jina hilohilo na yote yakipiga "Roundabout", wimbo wao maarufu.

Huku kulikuwa na Steve Howe kwenye gita, Alan White kwenye ngoma, Geoff Downes kwenye kinanda, Billy Sherwood kwenye besi na Jon Davison akiimba. Kule kulikuwa na Jon Anderson, mwimbaji wa awali wa bendi, Trevor Rabin kwenye gita na Rick Wakeman kwenye kinanda, walioanza kuzunguka 2016 wakijiita ARW. Hilo la ARW sikuwa na ugomvi nalo kabisa. Herufi za majina yao wenyewe, anayewataka aende.

Kilichonichefua ni Aprili 2017. Tarehe 7 Yes wanaingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya wanamuziki wa rock, kwenye sherehe iliyofanyika Brooklyn, New York. Mahasimu wanapanda jukwaa moja. Geddy Lee wa bendi ya Rush anapiga besi ya marehemu kwenye "Roundabout", halafu Howe, mpiga gita, anashika besi kwenye "Owner of a Lonely Heart", wimbo wa kipindi ambacho yeye hakuwemo hata kwenye bendi. Nikasema haya, watu wazima wameelewana. Siku mbili baadaye Anderson na wenzake wanatangaza kuwa na wao sasa ni Yes, majina yao matatu yakifuata nyuma. Siku mbili! Hata maua ya sherehe hayajanyauka.

Najua mtaniambia Anderson alionewa. Kweli alionewa. Mwaka 2008 aliugua, akashindwa kupumua sawasawa, ziara ikafutwa, na wenzake badala ya kumsubiri wakamchukua Benoît David kutoka bendi ya Kanada iliyokuwa ikiiga nyimbo zao, wakaendelea na safari. Ule ulikuwa ukatili, na sijawasamehe. Lakini huyuhuyu Anderson alishaonja shubiri ya jina: 1989 yeye, Bill Bruford mpiga ngoma wa zamani wa Yes, Wakeman na Howe walitoa albamu kwa majina yao ya ukoo kwa sababu "Yes" lilikuwa mikononi mwa kina Squire, na mambo yakafika kwa mawakili. Kwa hiyo alijua fika anachofanya.

Tuje kwenye muziki wenyewe, maana hapo ndipo watu wanapopenda kudanganyana. Chukueni rekodi mbili: ya kundi la Anderson pale Apollo, Manchester, 2017, na ya kundi la Howe kule Philadelphia, 2018. Zote zina "Awaken" na "Roundabout", pimeni wenyewe. Kwa sauti Anderson anashinda, mtu wa miaka zaidi ya sabini na bado anaimba namna ile. Wakeman naye ni Wakeman. Lakini sehemu za Howe zikipigwa na Rabin zinageuka mngurumo wa miaka ya themanini, na ngoma za Lou Molino zinatwanga pale ambapo White angeteleza. Kwa Howe gita ni lenyewe, noti kwa noti, ila mwendo unaburuta mpaka unatamani kuwasukuma kwa nyuma. White mwenyewe afya ilikuwa imemgomea, nyimbo nyingi akampisha Jay Schellen. Davison anazifikia noti zote. Kinachokosekana ni ule wazimu wa Anderson.

Wakaadhimisha miaka hamsini mara mbili mwaka huohuo wa 2018, kila kundi na keki yake. Halafu kundi la Anderson likayeyuka. Nyimbo mpya walizotuahidi? Albamu ya studio hakuna hata moja. Walilinyakua jina, wakauza fulana, wakaondoka. Kina Howe angalau walirudi studio: The Quest 2021, Mirror to the Sky 2023. Si kazi za kukutoa jasho, lakini ni kazi.

Wala msidhani nawapigia debe. White, ambaye naye hakuwemo 1969, alifariki Mei 2022, na sasa pale jukwaani hakuna hata mmoja aliyepiga kwenye ile albamu ya 1969. Howe mwenyewe aliingia 1970. Bango bado linabeba nembo ya Yes aliyoichora Roger Dean, kubwa kuliko kitu chochote, na majina ya wapigaji uyatafute kwa miwani.

Na nyie mtakaokuja hapa na wimbo wenu wa "bila Jon hakuna Yes", nijibuni kwanza: kwenye Drama, albamu yao ya 1980, aliimba nani? Na kwenye kinanda alikaa nani, kama si huyohuyo Downes mnayemwita mgeni?