Msafara wa magari kutoka Moshi hadi Kitulo kupitia Hamsini na Saba: tujiandae vipi?

Msafiri wa Majengo (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni kundi la marafiki wa Moshi na Arusha tuliozoea kutembea pamoja kwa magari katika njia za vumbi, hasa ile ya Engaruka kwenda Ziwa Natron na zile za milima ya Upare. Mara hii tunakusudia kwenda mbali zaidi: tufuate lami kupitia Babati, Dodoma, Iringa na Makambako hadi Chimala, kisha tupande ukingo wa milima kwa barabara ya Hamsini na Saba, ambayo imepewa jina hilo kwa hesabu ya kona zake, hadi Matamba, tuvuke uwanda wa Kitulo na kuteremkia Isyonje upande wa Mbeya. Magari ni matano: Land Cruiser mkonga mbili za dizeli zisizo na turbo, Prado moja ya dizeli yenye turbo, Suzuki Escudo ya petroli, na RAV4 ya mwenzetu mmoja ambaye hataki kabisa kusikia habari ya kubaki nyumbani.

Kinachonitia wasiwasi ni kimo. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi, na mojawapo ya mkonga hizo, tulipopanda ukingo wa Ngorongoro, ilitoa moshi mweusi na kuishiwa nguvu ingawa hapa mjini haina tatizo lolote. Je, injini ina ugonjwa au ni hewa ya huko juu? RAV4 tuichukue? Tena, ni mwezi gani unaofaa, ikiwa baadhi yetu wanachotaka ni kuyaona maua ya Kitulo?

Fundi wa Unga Limited (Arusha)

Ndugu Msafiri, kwa maelezo yako injini hiyo huenda ni nzima. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyopo mahali ilipo, na hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda, kiasi kwamba hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Ukiwa Moshi tayari umepoteza kama asilimia 8 ukilinganisha na mtu wa Tanga. Ukifika Kitulo utakuwa umepoteza robo nzima. Pampu ya kizamani ya dizeli haijui habari hiyo, kwa hiyo huendelea kumimina mafuta yaleyale ndani ya hewa iliyopungua, na mafuta yasiyoungua ndiyo moshi mweusi uliouona. Safisha au badilisha chujio la hewa, mwombe fundi wa pampu akague nozeli, na ukiwa mlimani usikanyage mafuta hadi chini, kwa sababu hutapata nguvu zaidi bali moshi na joto. Prado yenye turbo haitahisi sana jambo hili. Escudo itapungua nguvu kama mkonga, ila mfumo wake wa umeme utapunguza petroli wenyewe, hivyo haitafuka moshi.

Angalieni pia kifuniko cha rejeta. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 91 hivi, na kinachoyazuia yasichemke mapema ni mgandamizo unaolindwa na kifuniko kile. Kifuniko chenye mpira uliochakaa kinaweza kukuficha ugonjwa wake miaka mingi hapa Arusha, kisha kikakuumbua kwenye mwinuko mrefu unaopandwa taratibu, mahali ambapo hakuna hata upepo wa kupooza injini.

Hata hivyo, ningekuwa mimi, nusu ya matayarisho ningeyaweka kwenye breki. Gari lililoshindwa kupanda husimama, na mnapata nafasi ya kushauriana. Gari lililoshindwa kusimama wakati wa kuteremka halitoi nafasi hiyo. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kadiri yanavyokaa. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzijoto 230 au zaidi, lakini yakishafyonza maji ya kutosha yanaweza kuchemka hata kwenye 155, na yakichemka ndani ya bomba pedali hudidimia hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Kama mafuta hayo yamepita miaka miwili, yamwageni yote mtie mapya. Ni kazi ndogo, na sielewi kwa nini watu hununua taa za juu ya paa kabla ya kuifanya.

Dereva wa Karatu

Namuunga mkono fundi, nami naongeza kuhusu uendeshaji. Sisi tunaoteremsha wageni kreta ya Ngorongoro kwa njia ya Seneto tunaingiza gia nzito (ile ya ziada iandikwayo 4L, inayofanya gia zote ziende polepole na kwa nguvu) tukiwa bado juu, gari likiwa limesimama, kisha tunateremka kwa gia ya kwanza au ya pili ili injini ndiyo ilishike gari, na mguu unagusa breki kwa muda mfupi na kuachia. Anayesubiri hadi breki zinuke ndipo atafute gia amechelewa. Kuteremka kwa gia huru ili kubana mafuta, kama wanavyofanya baadhi ya madereva wa malori, msiliruhusu katika msafara wenu hata kwa mzaha.

Hapo ndipo lilipo jibu la RAV4. Haina gia nzito, kwa hiyo kwenye mteremko mkali gia yake ya kwanza bado ni nyepesi mno na mzigo wote huangukia breki. Tena iko chini, na mawe ya njia ile hayachagui. Escudo, kama ni ya aina yenye gia nzito, iende bila hofu. Ni nyepesi, na wepesi mlimani ni mali.

Kuhusu mpangilio, watu wengi hupenda kufuatana kwa karibu ili wasipotezane, na huko ndiko kujitafutia balaa, kwani kwenye kona zilizorundikana gari la juu huporomosha mawe juu ya gari la chini, na likirudi nyuma linamkuta mwenzake mgongoni. Acheni kona nzima kati ya gari na gari, na pale penye mwinuko mbaya lipande moja likamalize ndipo la pili lianze. Prado iwe ya mwisho, ikiwa na mkanda wa kuvutia, kwa kuwa ndiyo yenye nguvu za kumsaidia aliyekwama mbele. Kila gari liwe na utingo mwenye jiwe au gogo la kuzuia tairi, naye asisimame nyuma ya gari bali ubavuni, upande wa mlima. Injini ikizimika kwenye mwinuko, dereva asijaribu kugeuza: akanyage breki, aingize gia nzito ya kurudi nyuma, awashe injini, arudi moja kwa moja hadi mahali pa kupumzikia. Redio koli zitawafaa sana kwa kuwa simu hazishiki kila mahali, ila ulizieni kwanza kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Watu wenyewe wasiogope kimo. Kitulo ni chini kidogo ya kituo cha Mandara kwenye njia ya Marangu, na vijana wa Moshi hufika huko wakiwa na mizigo kichwani.

Mkinga wa Sakina (Arusha)

Kaka Msafiri, mimi kwetu ni Makete, na nimefurahi kuona watu wa kaskazini wakiikumbuka Bustani ya Mungu. Tatizo lenu liko kwenye swali la mwisho, ambalo waliotangulia wameliruka. Maua ya Kitulo, zikiwemo aina zaidi ya arobaini za okidi, hutokana na mvua. Huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, na hiyo ndiyo miezi ambayo Hamsini na Saba hugeuka utelezi, ukungu unakaa hadi mchana, na dereva haoni ukingo wa barabara ulipoishia. Kuanzia Juni hadi Agosti njia ni kavu, lakini uwanda ni majani ya kahawia na alfajiri kuna baridi kali hata ya kugandisha umande.

Kwa hiyo amueni kwanza mnachokifuata. Mkitaka maua, pandeni kwa Isyonje au kwa barabara ya Mfumbi, ambayo iko mashariki ya Chimala na ni ya upole zaidi, na kona zile mziache. Mkitaka kona, njooni wakati wa kiangazi, na mzipande badala ya kuziteremka, kama mlivyopanga. Kwa upande huo ratiba yenu ni nzuri, maana mteremko wa Isyonje hauna ukali wa ule wa Chimala. Mkumbuke pia kwamba ile ni njia ya watu wenye kazi zao: mkikutana na gari lenye viazi linateremka, hata kama desturi inampa haki anayepanda, mpisheni nyie wenye magari mepesi na breki nzima. Mfike Matamba mapema, mshughulikie vibali vya hifadhi hapohapo, na mvuke uwanda mchana. Msiendeshe juu ya majani kwa ajili ya picha, kwani mizizi ya okidi iko humo.

Msafiri wa Majengo (Moshi)

Nawashukuru sana, dada yangu na kaka zangu. Tumekaa jana jioni tukakubaliana kwamba safari hii ni ya kona, hivyo tutakwenda Septemba, na wapenzi wa maua watapangiwa safari yao Februari kwa njia ya Isyonje, ambayo hata RAV4 itaruhusiwa kujaribu kama mvua haitakuwa imeiharibu. Mafuta ya breki yatabadilishwa kwenye magari yote manne. Mwenye RAV4 amenuna kidogo, kisha akauliza kama utingo wa mkonga ya pili ameshapatikana; tumempa nafasi hiyo, na jiwe atalichagua mwenyewe Chimala.