Wajukuu wa Bi Zuwena: MR-S ya Nassor

IJUMAA, BAADA YA LAASIRI

Nassor: Assalaam alaykum ukoo
Nassor: [picha] [picha] [picha]
Nassor: Mnaionaje?

Salma: Wa alaykum salaam. Mashaallah, imetulia. Ya nani?

Nassor: Inauzwa. Toyota MR-S ya 2000, rangi ya fedha, paa la turubali jeusi. Namba za Z, za Zanzibar, inazo tayari. Jamaa yuko Mbweni, anataka milioni 18.

Shangazi Rukia: Mbona viti vya nyuma hukuvipiga picha

Nassor: Havipo shangazi. Gari ya watu wawili.

Shangazi Rukia: Havipo vipi?

Zuhura: Ndivyo nilivyouliza mie jana usiku shangazi. Na watoto wawili ninao. Nikaoneshwa nyuma ya viti pana visanduku vya kufunga kwa ufunguo.

Ami Khamis: Watoto wafungiwe kwa ufunguo 😂

Nassor: Ami shikamoo. Noah ya kubebea watu ipo. Hii nataka ya biashara, kukodisha maharusi. Turubali chini, picha Forodhani wakati jua linazama. Watu watagombania.

Ami Khamis: Marhaba. Bibi harusi na shela lile, na bwana harusi, na dereva. Nani anashuka?

Nassor: Bwana harusi anaendesha mwenyewe.

Shangazi Rukia: Na somo wake bibi harusi, yule kungwi? Apande Vespa afuate nyuma?

Yussuf (Muskat): Salaam jamaa. Nassor, kama roho imeshataka gari ya wazi, tafuta Mazda MX-5, hiyo ambayo Japani wanaiita Roadster. Imetoka 1989 na mpaka leo wanaitengeneza, ndiyo gari ya michezo ya viti viwili iliyouzwa kuliko zote duniani. Hiyo MR-S Toyota wenyewe waliiwacha 2007. Ningekutafutia huku lakini za huku usukani kushoto.

Nassor: Hamadi yuko wapi? Fundi aseme.

Hamadi: Nipo, nimetoka chini ya gari ya mtu sasa hivi. Nikinawa nakuja.

MAGHARIBI

Hamadi: Haya. Mazda nzuri, sibishani na Yussuf. Lakini mie nafikiria spea. Hiyo MR-S injini yake 1ZZ, CC 1800. Ndiyo hiyo hiyo imo kwenye Spacio ya 1.8, Wish ya 1.8, Premio ya 1.8, zile za zamani. Wameichukua wakaiweka nyuma ya viti, mbele ya ekseli ya nyuma, rejeta ikabaki puani. Pampu ya maji, koili, gasketi, vyote unavipata mjini hapa kabla ya Adhuhuri. Ukikosa, maduka ya Gerezani kule Dar wanakupakilia kwenye boti inafika jioni.

Hamadi: Kwa hiyo injini isikutishe, hata ikiwa mbovu. Kinachotisha ni kile kisichopatikana kisiwani. Taa ya mbele. Bampa. Kioo cha mbele. Hilo turubali. Ukivunja taa moja hakuna Spacio ya kuazima, unaagiza Japani unakaa unasubiri meli. Gari hii unanunua bodi, injini unapewa kama bakshishi.

Ami Khamis: Miaka yote niliyoendesha malori, leo ndo namsikia fundi akisema injini mbovu si neno.

Hamadi: Bei ishuke tu ami 😄

Hamadi: Nassor, chini miguuni pana pedali ngapi?

Nassor: Mbili. Ni automatiki, kaandika mwenyewe kwenye tangazo.

Hamadi: Hapo pabaya. MR-S haikutoka na automatiki tunayoijua sisi. Ilitoka na gia za mkono, pedali tatu, au na kitu wanaita SMT. Hiyo SMT gia ni za mkono na klachi imo ndani, ila badala ya mguu wako inakamuliwa na pampu ya haidroliki, na kompyuta ndiyo inaamua. Ikiwa nzima raha. Ikianza kuumwa, hapa Unguja sijui umpelekee nani.

Hamadi: Na mie nimo humo kwenye huyo "nani".

Salma: Nassor, gari imetoka mnadani? Muombe ile shiti, karatasi ya ukaguzi ya mnadani.

Nassor: Ninayo.
Nassor: [picha]

Salma: Subiri nivae miwani. Hizi pale ofisini Malindi, tunakotoa magari bandarini, tunaziona kila siku. Daraja 3.5, ya kawaida kwa gari ya umri huu, na haikuandikwa R, maana R ni iliyogongwa ikatengenezwa. Mchoro wa gari: A1 A2 kila mahali, mikwaruzo. U mlangoni, pamebonyea. W2 nyuma kulia, palinyooshwa na kupigwa rangi na panaonekana. Fenda ya mbele kushoto ina XX, imebadilishwa nzima.

Salma: Sasa nenda kwenye kilomita. Shiti inasema 118,000. Rudi picha yako ya tatu, ya dashibodi. Soma.

Nassor: 92,000

Ami Khamis: Gari imerudi utotoni.

Nassor: Labda walibadilisha dashibodi...

Salma: Labda. Muulize kwa upole, umtazame anavyojibu.

Ami Khamis: Na kadi ya gari ina jina lake? Asije akawa anauza ya shemeji yake. Na ujue hiyo imelipiwa ushuru wa huku, siku ukitaka kuivusha Bara kuuza una tofauti ya kulipa. Soko lako ni hili hili la kisiwa.

Bibi: [ujumbe wa sauti]

Salma: Kwa walio kazini: bibi anauliza ni kweli gari haina paa, na masika Nassor atapitaje Mwanakwerekwe maji yakijaa.

Nassor: Paa ipo bibi, inafungwa na kufunguliwa 🙏

Hamadi: Bibi kauliza la maana kuliko nyinyi nyote. Ile gari iko chini, na inavuta hewa ubavuni, kwenye tundu nyuma ya mlango. Maji ya Mwanakwerekwe ukiyaingia nayo, injini inakunywa. Siku za mvua kubwa unazunguka njia nyingine au unabaki Fuoni. Kesho asubuhi nakwenda kuiona. Mwambieni mwenye gari asiiwashe, nataka kuikuta baridi.

JUMAMOSI

Hamadi: Tumefika, mie na Nassor na Zuhura. Nimegusa kifuniko cha injini, kina moto. Kashaiwasha. Nimemwambia tunakwenda kunywa chai, tunarudi ikipoa. Kanuna kidogo.

Shangazi Rukia: Anaficha nini?

Hamadi: Ndo nataka nijue.

SAA TANO NA NUSU

Hamadi: Haya, someni, naandika yote mara moja.

Hamadi: Kijiti cha oili: imeshuka chini ya alama ya mwisho. Jamaa asema kaimwaga akatia mpya mwezi uliopita. Tumeiwasha, tukaiacha isimame inanguruma kama dakika tano, nikamwambia Nassor akanyage. Moshi wa buluu nyuma, ule wa kula oili. Huu ni ugonjwa unaojulikana wa 1ZZ za mwanzo. Ringi za pistoni zinaganda kwa sababu mashimo ya kurudisha oili hayatoshi. Za kuanzia 2003 hivi Toyota walizibadilisha pistoni.

Hamadi: Nikafungua sensa ya ekzosi pale juu kwenye manifodi, nikamulika ndani kwa tochi ya simu. MR-S ina masega madogo ya kusafishia moshi humo humo ndani ya manifodi, karibu kabisa na injini. Upande mmoja masega mazima, yamejipanga vizuri. Upande wa pili yamekatika katikati, pana shimo naingiza kidole. Unga wake haukwenda nje wote, mwingine hufyonzwa ukarudi kwenye silinda ukaikwaruza. Kwa hiyo injini hiyo kwangu imekwisha.

Salma: Basi yameisha hayo. Rudini.

Hamadi: Hayajaisha. Nimeshasema injini si neno. Nikaenda kwenye bodi. Tumemwagia maji kwa mpira turubali likiwa limefungwa, mie nimekaa ndani. Halikuvuja hata tone, na kioo cha nyuma ni kioo khasa, si plastiki kama zile Mazda za zamani. Taa safi. Fenda iliyobadilishwa imekaa sawa, mianya ya mlango kushoto na kulia nimeipima kwa kidole iko sawasawa. Chini nyuma, lile fremu linaloshika miguu ya magurudumu, ndipo MR-S zinapoliwa na kutu, na jamaa analaza gari mita chache na bahari. Nimechoma kwa bisibisi kila pahala. Kutu ya juu juu, chuma bado kigumu. Nilishangaa.

Nassor: 😍

Hamadi: Mipira sasa. Kaweka saizi moja zote nne. Gari hii mbele inataka upana wa 185, nyuma 205, kwa sababu uzito uko nyuma. Ukiiwekea sawa, siku ya mvua kwenye kona mkia unakutangulia, na gari ya injini ya kati ikishaanza kuzunguka huirudishi. Hilo ni la kununua mipira miwili tu, lakini linakuonesha mtu aliyekuwa anaitunza.

Ami Khamis: Umeiendesha?

Hamadi: Zuhura na Nassor wamekwenda mwanzo, turubali chini, mpaka Mazizini. Wamerudi wanacheka. Kisha mie nikaichukua peke yangu mpaka Kiembesamaki, nikaitesa kwenye matuta. Ikiwa baridi gia zinaingia. Ikishapata moto, kila nikipunguza kwa ajili ya tuta, kutoka ya pili kwenda ya kwanza inapiga teke. Tuta la nne ikabaki huru kabisa, nakanyaga injini inalia, gari haiendi. Madaladala nyuma honi. Nikazima, nikawasha, ikashika. Na pampu inalia muda wote, haipumziki. Ikiwa nzima inajaza presha kisha inanyamaza.

Nassor: Jamaa kashuka bei. Asema milioni 13, tumalize leo.

Ami Khamis: Hiyo haraka yake siipendi.

Hamadi: Sikiliza Nassor. Injini ya Wish nakutilia ndani ya wiki, haina shida. Hiyo SMT sina pa kuipata. Kuigeuza iwe gia za mkono inawezekana, watu wanafanya, lakini unataka gia boksi, pedali, kebo, na kompyuta inayokubaliana navyo. Yaani unatafuta MR-S nyingine ya kuchinja. Sasa ukishaipata hiyo nyingine, ya nini kuichinja?

Nassor: Na nikimpa 10?

Hamadi: Hata 8. Ikikwama na bibi harusi ndani, mbele ya msafara mzima, matarumbeta yanalia?

Shangazi Rukia: Ya Rabbi, aibu gani hiyo 😂😂

Nassor: Sawa.

Nassor: Nimemwambia hapana. Kasema kuna mtu wa Nungwi anakuja kesho na pesa taslimu.

Ami Khamis: Daima huwa yupo mtu huyo.

Yussuf (Muskat): Mazda ndugu yangu, Mazda.

Zuhura: Naomba niseme kitu.

Zuhura: Mie nilikwenda pale ili nimkatalie. Wallahi tulivyotoka pale Mbweni turubali liko chini, upepo, na ile minazi juu... nimeipenda. Sitaki biashara ya maharusi, nataka gari. Watoto siku ya Jumapili watakaa kwa bibi.

Salma: 👀

Bibi: [ujumbe wa sauti]

Salma: Bibi anasema watoto waletwe, lakini na yeye apelekwe Bwejuu siku moja, akae kiti cha mbele.

Nassor: Kiti cha mbele ndicho kilichopo bibi 😄

Ami Khamis: Basi tafuteni ya kuanzia 2003, agizeni wenyewe, Salma akutoleeni bandarini. Fujo za kurudisha kilomita ziishe.

Salma: Mie tayari. Shiti nitumiwe kabla pesa haijakwenda.

Hamadi: Na ziwe gia za mkono. Za mwaka huo zina gia sita.

Zuhura: Nimeshaanza kutafuta, hii iko Yokohama. Ya 2004, nyekundu.
Zuhura: [picha] [picha]

Hamadi: Nzuri. Nitumie picha ya miguuni, nihesabu pedali.