Kisiwa cha Mbudya, Dar: nanga inashika asubuhi, mchana inaachia. Kamba iwe ndefu kiasi gani?

FaibaKunduchi: Wakuu, salaam. Boti ya faiba ya mita 7, nanga kilo 8, mnyororo mita 3, kamba mita 15. Upande wa magharibi wa Mbudya, siku za bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), nanga inashika vizuri saa nne asubuhi. Ikikaribia saa tisa inaburutwa kuelekea bara. Nimeona video za Ugiriki: watu wanafika kwenye visiwa vidogo visivyo na watu, wanatia nanga kwa omo (mbele ya boti), wanafunga tezi (nyuma) kwenye jiwe, boti inatulia kutwa. Mtindo huo unafaa kwetu?

Bildi: Mkuu, nanga yako haina kosa, kamba ndiyo fupi. Bamvua la hapa Dar maji hupwa kabisa karibu saa nne na kujaa karibu saa kumi, na tofauti yake hupita mita 3. Tuseme saa nne umepima mita 2. Ongeza mita 1 ya kimo cha omo juu ya maji, unapata 3. Kamba na mnyororo wako ni mita 18, yaani mara sita, kwa hiyo nanga inavutwa ikiwa imelala. Maji yakijaa, 3 yako inakuwa 6, na mita 18 zilezile ni mara tatu tu. Mvuto unaelekea juu, nanga inang'oka mchangani.

Pima kwa maji ya kujaa, si kwa maji uliyoyakuta: 6 mara 5 ni mita 30. Kusi ikivuma, zidisha kwa 7, mita 42. Na maji hayapandi sawasawa. Kwa tofauti ya mita 3, saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha 50, kisha 25. Ndiyo maana kuanzia saa sita hadi saa nane mchana usiiache boti bila mtu.

Matumbawe_DSM: Kufunga tezi kwenye jiwe, hapana kabisa. Sehemu kubwa ya Mediterania maji hupanda na kushuka sentimita 30 hivi. Ukitoa Ghuba ya Gabès kule Tunisia na kaskazini mwa Adriatiki, kamba ya asubuhi inafaa hadi jioni. Hapa kamba fupi itaning'iniza tezi maji yakipwa. Mwamba wetu nao umeliwa chini na mawimbi. Boti ikiingia chini ya ule ukingo wakati maji yanajaa, inabanwa na faiba inapasuka.

Jambo jingine: kamba ya mita 30 inaizungusha boti eneo kubwa. Tia nanga kwenye mchanga mweupe tu, mbali na matumbawe. Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, na tumbawe likivunjwa na mnyororo huchukua miaka mingi kukua tena. Kama kuna boya la kufungia, funga hapo.

FaibaKunduchi: Shukrani sana. Siku za maji mafu je?

Bildi: Mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka: kujaa karibu saa nne, kupwa karibu saa kumi, tofauti kama mita 1. Hatari ya siku hizo ni kukwama. Ukitia nanga asubuhi penye mita 1, alasiri injini itagusa chini. Ukishatia, chagua alama mbili za nchi kavu zilizo kwenye mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, mnazi na paa la banda, kwa mfano. Zikiachana na boti haijageuka, nanga inatembea.