Seva ya Minecraft ya nyumbani inaganda mtu akipandisha video

bundi_wa_usiku: Wadau nina seva ya Minecraft kwenye kompyuta ya zamani hapa home, tukicheza watu 6 iko poa tu ila dogo akianza kupandisha video zake wote tunaganda, ping (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde) inatoka 40 inaruka mpaka 900. Kushusha ni Mbps 50, kupandisha 5. Nilipie kifurushi kikubwa au?

fundi_waya: Usikimbilie kulipa mkuu. Seva ndo inawatumia wachezaji data, so kinachokubana ni hiyo 5, hiyo 50 haikusaidii kitu hapo. Video ikiijaza, paketi (vipande vya data) za gemu zinapanga foleni. Kama ruta inakubali OpenWrt (programu huru ya kuendesha ruta) washa SQM, yaani kipangaji foleni ya data, humo chagua njia inayoitwa cake, kupandisha weka kbps 4500, chini kidogo ya spidi halisi, ili foleni ikae kwenye ruta yako na siyo kwenye modemu.

kipara: Punguza na view-distance (umbali wa ramani ambao seva inamtumia mchezaji) kwenye server.properties, faili la mipangilio ya seva, inakuja na 10, weka 6. Halafu seva iunge kwa waya jamani, waifai inazingua.

bundi_wa_usiku: Nimeweka cake, dogo anapandisha sasa hivi na ping 55. Ila video yake inachelewa kidogo, kanuna 😂