Kamera za PoE zinazima na kuwaka usiku, poti ya 7 na 8

Mlinzi_Data:
Habari wakuu. Kuna kamera 8 za IP kwenye swichi ya PoE (inayopeleka umeme kupitia waya wa mtandao) yenye poti 8. Ubavuni imeandikwa wati 30 kwa poti, jumla wati 65. Kila kamera imeandikwa kiwango cha juu wati 11. Mchana zote ziko sawa. Giza likiingia, ya 7 na ya 8 zinazima, zinawaka dakika moja hivi, zinazima tena. Ya 8 iko getini, mita 85 kutoka kwenye swichi. Ni waya au swichi? Je, hiyo ya getini nikiipelekea volti 12 za adapta kwa jozi mbili za waya huohuo itatulia?

Fundi_Swichi:
Mkuu, piga hesabu ya jumla, achana na ile 30 ya poti. Mchana kamera kama hizo hula wati 4 au 5 kila moja, kwa hiyo zote nane hazizidi 40. Usiku taa za infraredi (za kuonea gizani) zikiwaka: 8 × 11 = 88. Swichi ina 65. Ikizidiwa inakata poti zenye kipaumbele cha chini, na kwa swichi nyingi hizo ni zile za namba za mwisho. Kamera ikikatwa mzigo unapungua, swichi inairudishia umeme, infraredi inawaka, inazidiwa tena. Ndiyo maana hazitulii.

Kuhakikisha, hamishia waya wa getini poti ya 1 na wa poti ya 1 uweke ya 8. Ikizima iliyopo poti ya 8, tatizo ni uwezo wa swichi. Ikizima ya getini hata ikiwa poti ya 1, tatizo limefuata waya.

Shaba_Tupu:
Wazo la volti 12 liache kabisa. Wati 11 kwa volti 12 ni karibu ampia 0.9. Waya wa mtandao wa Cat5e wa shaba, jozi mbili, mita 85, kwenda na kurudi una ukinzani wa omu 7 hivi. Zaidi ya volti 6 zinapotelea njiani, kamera haiwaki. Kwa volti 48 mkondo ni ampia 0.23 tu, unapoteza volti 1.6. PoE inatumia volti kubwa kwa sababu hiyohiyo.

Waya nao upime. Chomoa ncha zote mbili, upande mmoja unganisha nyuzi mbili za jozi moja, upande wa pili weka mita kwenye omu. Shaba ya geji 24 kwa mita 85 inatoa 14 hadi 16. Ukiona 22 kwenda juu, huo ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi kwa wembe, ndani utakuta weupe. Waya huo unapata moto ukibeba PoE na hukatika kwenye kichwa cha RJ45. Getini angalia pia kama pini zina ukijani. Maji yakiingia, pini hizo ndizo huanza kuoza.

Mlinzi_Data:
Nimebadilisha. Ya getini imetulia poti ya 1, iliyohamia ya 8 ndiyo inazima. Waya unasoma omu 15.

Fundi_Swichi:
Basi waya ni mzima. Chukua swichi ya 802.3af/at (viwango rasmi vya PoE) yenye jumla ya wati 120. 88 zako zitatosha na ziada ikabaki. Kama bajeti hairuhusu sasa, nunua injekta (kifaa kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao) mbili za 802.3af, volti 48. Upande wa data chomeka poti za apilinki (za kuunganisha swichi na mtandao) zisizo na PoE, upande wa PoE uende kwenye kamera. Sita zitakazobaki ni wati 66, bado umezidi kwa wati moja, kwa hiyo shusha nguvu ya infraredi kwenye mipangilio ya kamera za ndani, au ongeza injekta ya tatu.

Dukani usikubali injekta ya "passive" ya volti 24. Ile ya 802.3af hupima kwanza kama kuna ukinzani wa kiloomu 25 upande wa pili ndipo itoe umeme. Hiyo ya passive inamwaga tu, na kamera inayotaka 48 haitawaka.

Shaba_Tupu:
Apilinki zikiwa mbili tu, injekta ya tatu unaweza kuichukulia data kwenye poti ya PoE iliyoachwa wazi. Swichi isipoona ile alama ya kiloomu 25, haitatoa umeme kwenye poti hiyo.