Ukuta wa haki za binadamu Mikindani: tuchore nini?

Mjitoleaji wa Mikindani
Wanajamvi, salaam. Sisi ni vijana tisa tunaojitolea, na serikali ya mtaa imetukubalia kuchora ukuta mmoja mrefu kabla ya tarehe 10 Desemba, Siku ya Haki za Binadamu. Wenzangu wanataka tuandike ibara zote 30 za Azimio la Ulimwengu la mwaka 1948, lakini mimi nahofia kuwa ukuta utageuka ubao wa matangazo ambao mtu huupita bila kugeuza shingo. Zaidi ya hayo, mzee mwenye nyumba ameuliza kama tumekuja kuwaambia watu waache unyago. Tumjibu nini?

Mwalimu wa sanaa, Lindi
Mdogo wangu, ibara 30 ziacheni vitabuni, mchague moja inayouma hapo mlipo. Kwa kuwa mtakuwa katikati ya msimu wa korosho, mimi ningechukua haki ya kumiliki mali, iliyomo katika Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 (sura hiyo ya haki iliingizwa mwaka 1984, na wengi hawalijui hilo). Wajane waliopalilia mikorosho miaka na miaka tunawafahamu: mume anazikwa Ijumaa, na Jumatatu shemeji amekwisha kufika shambani na magunia yake.

Kuhusu umbo, uchoreni ukuta kama kanga. Pindo lizunguke pande zote nne kwa mabibo na korosho, mji, yaani sehemu ya katikati, uwe mama aliyeketi chini ya mkorosho wake, na jina, yaani ule msemo wa kanga, likae chini ya picha. Jina hilo msilitunge ninyi. Waiteni kina mama wa mtaa walibishanie hata jioni mbili, maana wao wamezoea kuiachia kanga iseme yale ambayo mdomo unayaonea haya.

Fundi rangi, Mtwara mjini
Naongeza la kazi tu. Ikiwa ukuta ni wa zamani, wa mawe ya matumbawe na chokaa, msipake rangi ya mafuta, kwa sababu unyevu hunaswa ndani, chumvi ikatoka, na rangi ikabanduka vipande vipande. Sugueni kwanza, mpake chokaa, ndipo mchore. Anzeni Oktoba, kabla mvua hazijakaribia.

Mama wa Chikongola
Mzee hajakosea kuuliza, kwani wageni wengi wameusema vibaya unyago bila kuketi na kungwi hata mara moja. Mwambieni kwamba picha yenu inahusu shamba la mjane. Siku mtakapotaka kugusa mambo ya wasichana, tangulieni kwa makungwi, mkiwa mmeisoma Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Msiende kwao mikono mitupu.

Mjitoleaji wa Mikindani
Nashukuru sana, mwalimu wangu, fundi na mama. Tumekubaliana juu ya kanga, na jana kina mama kumi na wanne walikaa barazani hadi giza likaingia. Wametoa majina manne na hawajapatana hata moja. La tano limeletwa na mzee mwenye nyumba, naye anadai ndilo bora.