Yule MC wa uwanjani kamchinja kijana wetu wa mita 400 kwa kipaza sauti

Wakuu, sina salamu. Naandika nikiwa ndani ya basi, tumevuka mpaka sasa hivi, kijana yuko kiti cha nyuma yangu kajifunika jezi usoni, hajala tangu jana mchana.

Yule MC. Mnamjua. Hata kama hukukanyaga uwanjani unamjua, maana sauti yake ilikufuata huko huko uliko. Popo waliokuwa kwenye ule mwembe wa getini wamehama na hawajarudi.

Fainali ya mita 400 wanaume, mashindano ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Vijana wanane, wetu njia ya 8. Msiniambie njia ya 8 ni ya kusindikiza. Wayde van Niekerk wa Afrika Kusini alipangwa njia ya 8 Olimpiki ya Rio 2016, akakimbia sekunde 43.03, rekodi ya dunia, na hadi leo hakuna aliyeigusa. Nilimwambia kijana hivyo asubuhi tukinywa chai. Akatabasamu, akaongeza kitumbua cha pili.

Sasa sikilizeni. Kwenye 400 njia ya 8 inaanzia mita 53 mbele ya njia ya kwanza. Uko peke yako kwenye kona, humuoni mtu, unakimbia kwa masikio. Na nani alikuwa kasimamisha spika mbili ndefu kama makabati pale pale kwenye kona, hatua nne kutoka vibao vya kuanzia vya kijana wangu? Nani?

Mpiga bastola kaita "kwenye nafasi zenu". Vijana wamepiga magoti. Kaita "tayari". Viuno juu, vigimbi vimekaza, uwanja mzima kimya, hata muuza karanga kaacha kutingisha sarafu. Halafu:

"TWENDEEEEEE!"

Bastola haijalia! Bastola iko hewani, kidole kiko kwenye kifyatulio, na lile lijitu linapiga "TWENDEEEEEE!" kama linafukuza fisi zizini. Spika zimemtapikia kijana sikioni. Angefanya nini? Karuka. Mimi mwenyewe jukwaani nimeruka, nimemwaga soda kwenye gauni la mama wa watu.

Kadi nyekundu. Miezi kumi na moja ya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi, mistari tunachora kwa majivu, halafu kadi nyekundu kwa sababu ya "TWENDEEEEEE!" Alisimama pale anaitazama ile kadi, anamtazama refa, kisha akainama akafungua kamba za viatu taratibu, kimoja, halafu cha pili. Akatembea pekupeku.

Tangu 2010 ukitangulia mara moja tu umetolewa, sawa, hata Usain Bolt yalimkuta kwenye mashindano ya dunia ya Daegu 2011. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mkimbiaji akishtuliwa na kitu cha nje, kosa si lake, inatolewa kadi ya kijani, wanaanza upya. KIJANI! Na wala hapakuwa na mashine ya kupima mwanzo, ni macho tu.

Halafu yule yule akachukua kipaza sauti akatangaza, "Njia ya nane ametuonyesha haraka kuliko wote, makofi kwake." Makofi!

Mzee wa Kibanda: Pole mkuu. Ila nimecheka hapo kwa muuza karanga.

Chokaa Nyeupe: Nilikuwepo. Si mara moja. Kwenye mita 5,000 alitangaza mzunguko wa mwisho ikiwa imebaki mitatu. Dada mmoja akamaliza nguvu zake zote, akaanguka, akabebwa.

Ngosha wa Mjini: Hii chai. Weka video.

Mleta uzi: Video ipo ila anayeisikiliza lazima avue spika za masikioni kwanza. Unasikia "TWENDEEEEEE!", NDIPO unasikia bastola. Ndipo! Mtu yeyote mwenye sikio moja anasikia.

Refa Mstaafu: Ndugu, unalia na MC wakati wewe kiongozi wa timu umelala. Kijana angepinga kwa mdomo hapo hapo, refa ana ruhusa ya kumwacha akimbie kwa pingamizi, shauri likaamuliwa baadaye. Ulimfundisha hilo?

Mleta uzi: Kijana ana miaka ishirini, kalelewa na bibi yake, akikemewa na mkubwa anasema samahani. Alisema samahani. Kwa refa. Yeye ndiye aliyeomba samahani.

Refa Mstaafu: Basi na wewe ungekata rufaa kwa maandishi. Nusu saa tangu matokeo kutangazwa.

Mleta uzi: Rufaa ina amana ya dola 100, mzee wangu. Mfukoni nilikuwa na elfu ishirini na tatu na ndiyo chakula cha njiani cha watu kumi na wanne. Na hiyo nusu saa inahesabiwa tangu matokeo yatangazwe. Nani anayatangaza? YEYE! Nilipofika mezani, walitazama saa, wakaniambia dakika thelathini na nne.

Mama Zuhura: Mimi ndiye mwenye gauni. Soda ile ilikuwa ya zabibu, haijatoka mpaka leo.

Mleta uzi: Mama nisamehe, nitakutafuta.

Kijiti cha Tatu: Sisi wa kupokezana vijiti 4x400 tulilala watu sita chumba kimoja, maharage siku nne, na siku ya fainali maharage. Hilo hamlisemi. Mwenzangu alipokea kijiti huku kashika tumbo.

Msee wa Eldi: Maharage mlipata? Sisi tulipewa chapati moja kila mtu na supu ya kuosha mikono. Lakini tulishinda, kwa sababu 400 ni yetu Wakenya tangu Olimpiki ya Munich 1972. Asati, Nyamau, Ouko, Sang. Dhahabu ya vijiti. Na Ouko na Sang walikuwa wanafunzi wa chuo wakati huo, North Carolina Central. Mashindano ya wanafunzi mnatufundisha nini?

Kampala Boy: Munich hiyo Wamarekani hawakuwa na timu ya vijiti, usisahau kusimulia na hilo. Munich ni ya Akii-Bua wetu wa Uganda, mita 400 kuruka viunzi, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, tena njia ya kwanza, ile kona kali kuliko zote. Halafu Davis Kamoga, wetu pia: shaba Olimpiki ya Atlanta 1996, fedha mashindano ya dunia ya Athens 1997. Nyinyi mna nini?

Msee wa Eldi: Samson Kitur, shaba, Barcelona 1992. Kaa chini.

Kampala Boy: Shaba na fedha kipi kizito?

Ngosha wa Mjini: Na sisi Watanzania tuna Filbert Bayi.

Msee wa Eldi: Bayi ni 1,500 buda.

Ngosha wa Mjini: 3:32.2, Christchurch 1974, aliongoza kutoka mlio wa bastola mpaka utepe. Bastola ililia kwanza, lakini.

Mleta uzi: ASANTE! Bastola ililia kwanza! Ndicho ninachosema hapa tangu asubuhi! Wakuu turudi kwenye mada, naomba anayemjua mtu wa kamati ya ufundi anisaidie, kijana mwakani anamaliza chuo, hana mwaka mwingine.

Dada wa Vikoba: Huyo MC si ndiye aliyeendesha harusi ya mdogo wangu Aprili? Alimtaja bibi harusi jina la mchumba wa zamani wa bwana harusi. Mara mbili. Ukumbi mzima ukageuka barafu.

Mzee wa Kibanda: Hahaha jina alilitoa wapi?

Dada wa Vikoba: Kwenye daftari la michango! Yule mchumba wa zamani alichanga laki mbili, jina lake lilikuwa la kwanza.

Chokaa Nyeupe: Laki mbili? Na alikaribishwa?

Mama Zuhura: Aliyechanga laki mbili anakaa meza ya mbele, hata kama ni shetani. Sisi kwetu mwaka jana niliyechanga hamsini nilipewa pilau isiyo na nyama.

Kijiti cha Tatu: Afadhali pilau.

Mleta uzi: Wakuu. Kijana ameamka. Ameniuliza kama mashindano ya wazi ya mkoa ni mwezi gani.

Dada wa Vikoba: Mama Zuhura hiyo pilau ilikuwa ya kamati gani? Maana kuna mpishi mmoja mnene hapa mtaani namtilia shaka, nyama anaifichaga kwenye ndoo ya kachumbari.

Mama Zuhura: Ndoo ya bluu?

Dada wa Vikoba: Ya bluu!